Tofi Chini ya Leso

Harufu ya sukari inayoungua haibishi hodi. Jana jioni nilikuwa napanda ngazi za hapa ninapopanga, Milimani, mkoba begani na mfuko wa vitunguu mkononi, ikanikuta kabla sijafika mlangoni kwangu. Jirani wa chini, mama kijana ambaye hatujawahi kuvuka salamu, alikuwa anapika tofi za Krismasi na watoto wake. Nilijua ni tofi, si keki, kwa sababu mtoto aliuliza, "Imeiva?" na mama yake akamjibu, "Bado, dondosha ingine kwa maji." Nikasimama pale na vitunguu vyangu. Mimi si mtu wa kusimama kwenye ngazi. Hapa wananijua kama yule dada wa kufunga mlango mapema na kulalamika kuhusu takataka, na siwalaumu kwa kunijua hivyo. Lakini jana nilisimama mpaka mfuko ukanichora vidole.

Aliyenifundisha kudondosha sukari kwenye maji baridi ni Tata. Kwetu tata ni shangazi, na kwa kuwa sikuwa na mwingine, hakuhitaji jina la ziada. Mama alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tata, dada mdogo wa Baba, alikuwa ndio amemaliza shule, akaletwa kwetu Njoro anishike kwa muda kidogo, mpaka Baba apate njia. Baba alikuwa dereva wa lori, na njia alizozipata ni za kupeleka ngano Mombasa na kurudi na mbolea. Muda kidogo ukageuka kuwa miaka. Mimi nilidhani utageuka kuwa maisha.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kwenye kipande alichopata babu yangu wakati shamba la mzungu mmoja lilipogawanywa. Mbele ngano, nyuma ngano, na kando ya barabara kulikuwa na mstari wa misonobari ambayo yule mzungu aliipanda kuzuia upepo. Upepo haukuwa umepewa habari hiyo. Ulipita kwenye nyufa za mbao ukatikisa pazia hata dirisha likiwa limefungwa. Desemba ngano ilikuwa imeshavunwa, limebaki shamba la mabua makavu yanayochoma nyayo, na ukisimama mlangoni unaona mbali bila kuona mtu.

Halafu wanafunzi wa chuo kikuu cha pale Njoro nao walikuwa wameenda kwao. Mtu asiyekulia Njoro hawezi kujua ukimya huo. Vibanda vya chipsi vinafungwa, wauza mitumba wanakunja nailoni zao, mbwa waliozoea mifupa wanazurura wakishangaa. Mimi niliyezoea kuitwa "kadogo, sasa" na kila mwanafunzi nikitumwa dukani, nilienda na kurudi bila kufungua mdomo. Kwa majirani magari yalikuja kutoka Nairobi yakimwaga binamu. Kwetu hakuja mtu. Desemba mizigo ilikuwa mingi, na Baba mara nyingi alikula Krismasi yake Voi au Mtito Andei, kwenye hoteli za madereva. Krismasi yetu ilikuwa watu wawili na sufuria.

Tata alijifunza tofi shuleni, kwenye somo la upishi, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho huko akakitumia, ndivyo alivyosema mwenyewe. Sukari, siagi, utando wa maziwa tuliokusanya kwenye kikombe siku baada ya siku, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Aliweka jiko la makaa barazani, upande usio na upepo, na alikuwa na mwiko wa tofi uliopigwa marufuku kugusa ugali. Kwanza sukari inayeyuka na kunung'unika. Kisha inapanda na mapovu meupe, na hapo ndipo mtoto anafukuzwa mita kadhaa. Kisha inaanza kubadilika rangi, kutoka maziwa hadi chai, kutoka chai hadi kitu ambacho mpaka leo sina neno lake ila kukiita rangi ya tofi.

Kazi yangu ilikuwa kushika kikombe. Kilikuwa cha bati la rangi ya samawati, kimebanduka mdomoni, nacho nilikijaza maji ya tangi, yale ya baridi ya kuuma meno. Tata alichota kidogo kwa ncha ya mwiko akadondosha. Mwanzoni tone lilisambaa likapotea. Baadaye likawa laini kama utomvu. Nilitia vidole nikalibonyeza na kutangaza, "Bado," kwa sauti ya mtu mzima mwenye cheo. Tata alikuwa akiniambia nisilitazame, nilisikilize.

"Tofi haiangaliwi, Nyambura. Inaskizwa. Ikilia kwa kikombe, iko tayari."

Na kweli, ilifika wakati tone lilizama likiwa gumu kama shanga, nikatikisa kikombe, likagonga bati: ti, ti. Hapo Tata alinyakua sufuria haraka na kuimwaga kwenye sinia iliyopakwa siagi. Nilipenda wakati ule kuliko kula kwenyewe. Ilikuwa ni mimi niliyeisikia.

Asubuhi tuliikatakata na kuifunga kwa karatasi za mkate. Mkate siku hizo ulikuja kwenye karatasi ya nta, na Tata aliziweka mwaka mzima chini ya godoro lake zinyooke. Yeye alisokota upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukiwa tumekaa goti kwa goti. Karatasi hizo hazikuwa na kelele. Ungeweza kufungua tofi kanisani na mchungaji asijue, na nilishafanya hivyo.

Desemba ninayoisimulia, karatasi za mkate zilibaki chini ya godoro. Tata alitoa kwenye mkoba wake bunda la karatasi zinazong'aa, nyekundu na za manjano, zile za kufungia maua. Ukiweka moja machoni, shamba zima la mabua linakuwa dhahabu. Ukiikunja, inalia kama moto wa kuni kavu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri kiasi hicho kikiingia nyumba yetu.

"Umetoa wapi?" niliuliza.

"Nimepewa na rafiki."

"Rafiki gani?"

"Wa Gilgil. Anafanya kwa shamba la maua."

"Anaitwa nani?"

"Koroga, itashika chini."

Nikakoroga. Kichwani nilimtengeneza huyo rafiki: mama mnene mwenye aproni, anayekaa katikati ya maua na kumfikiria mtoto wa Njoro asiyemjua. Nilimpenda. Nilipoona Tata akipanda kwenye kichuguu nyuma ya choo na simu yake ndogo kutafuta netiweki, akicheka peke yake na kuzungusha ncha ya kitambaa kidoleni, nilijua anaongea na yule mama, na nilimwambia amsalimie. Alimsalimia.

Mwaka huo tulipika tofi mpaka sinia zikaisha, tukaazima za jirani. Baba alirudi mapema, jambo lisilo la kawaida, na akaja na mbuzi kwenye lori, jambo lisilo la kawaida zaidi. Wanawake wa kanisa walikuja kupaka ukuta chokaa. Viti vilikodishwa. Kila nilipouliza niliambiwa kuna wageni, na mimi nikafanya hesabu zangu: Krismasi ilikuwa imechelewa miaka mingi, ikapotea njia, sasa imeuliza watu na kuelekezwa kwetu. Nilizunguka nikiwa na tofi kila mfuko. Sidhani nimewahi kuwa na furaha ya aina hiyo tena, ile isiyo na tundu.

Tundu lilitobolewa na Mama Njeri, jirani yetu, akimenya viazi asubuhi ya siku yenyewe.

"Wewe utabaki na nani sasa, mtoto? Leo si wanachukua Tata yako."

"Wanampeleka wapi?"

"Gilgil. Kwa bwana yake."

"Atarudi lini?"

Wanawake walicheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema atarudi kunisalimia, akiwa na mtoto mgongoni. Nikabaki nimesimama na ndoo ya maganda. Nilijaribu kumweka yule mama wa aproni na huyu bwana mahali pamoja, wakakataa kukaa. Ikabidi mmoja atoke, na akatoka mama.

Kwetu, siku ya ngurario, arusi ya kimila, kabla nyama haijakatwa na watu kuhesabiwa kuwa ni mume na mke, bwana hupewa mtihani. Bibi hufunikwa leso kichwa hadi miguu pamoja na wasichana wengine, na bwana anapita mbele yao akimtafuta wake. Ni mchezo, na kila mtu aliyezaliwa upande wetu anajua ni mchezo. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, anajaribu tena. Hakuna bwana aliyewahi kurudi kwao peke yake kwa sababu ya leso. Lakini mimi nilimwuliza Mama Njeri, "Na akimkosa?" na Mama Njeri, aliyependa mzaha kuliko chumvi, akajibu, "Akimkosa anaenda nyumbani mikono mitupu."

Niliichukua hiyo kama sheria ya nchi.

Tata alikuwa na viatu vya kanisani, rangi ya damu ya mzee, vyenye kifungo cha shaba pembeni. Alivivaa kila Jumapili tangu nipate akili. Mtu yeyote aliyewahi kumtazama Tata alikuwa amevitazama viatu hivyo. Siku hiyo alikuwa amenunuliwa vipya, vyeupe, na vile vya zamani vilikuwa chini ya kitanda. Nikaingia chumbani, nikavitoa, nikachomoa karatasi za mkate chini ya godoro na kuzishindilia kwenye ncha za viatu mpaka miguu yangu ikatulia ndani. Kisha nikatembea kwa uangalifu mpaka kwa Mama Njeri, nikaomba nifunikwe na mimi.

"Huyu naye?" akasema mmoja.

"Mweke," Mama Njeri akasema. "Mweke kando ya Tata yake. Atatuchekesha."

Tuliketishwa kwenye benchi, tukafunikwa leso za aina moja, nyekundu na nyeupe, mpya, zenye harufu ya duka. Tata alikuwa kushoto kwangu. Niliweza kuhisi bega lake. Leso zilifika chini, miguu yote imefichwa, na mimi nikasukuma miguu yangu mbele kidogo, kidogo tena, mpaka nikaona ncha za viatu zimetokeza juani. Ndani ya leso mwanga ulikuwa mwekundu na pumzi yangu ilinirudia usoni. Nje wanawake waliimba, na nikasikia wageni wakikaribia, na vijana wakimtania mwenzao.

"Boss, chunga usibebe nyanya yako."

"Huyu alipotelewa na ng'ombe wake mwenyewe, atapata bibi?"

Hatua zilikuja polepole kwenye benchi. Nikaona, kwa chini, viatu vyeusi vya mwanamume vimejaa vumbi la Njoro. Vikapita. Vikarudi. Vikasimama mbele yangu.

"Hivi viatu navijua," akasema.

Umati ukalipuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe hakucheka. Alikuwa karibu sana, nikaona kivuli cha mkono wake kikishuka kwenye leso yangu, na nikajua nimeshinda. Sijui namna ya kumweleza mtu mzima jinsi nilivyojua. Niliona jioni ya siku hiyo: wageni wanapanda gari lao mikono mitupu, Baba anafunga geti, Tata anavua viatu vyeupe na kuwasha jiko. Niliona Desemba zote zimepangwa, mbele mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia karatasi. Kushoto kwangu, chini ya leso, ililia mara moja, ikatulia, kisha ikalia tena polepole, kwa kusudi, vile inavyolia inapofunguliwa tofi. Sauti hiyo niliijua kuliko mtu yeyote pale, nilikuwa nimezisokota wiki nzima. Moyo ukanijaa. Tata ameona hila yangu. Ameelewa kwamba nimetuokoa, na kwa kuwa hawezi kusema, ananifungulia tofi. Nikapitisha mkono wangu chini ya leso mpaka upande wake, kiganja juu. Tofi ikawekwa kiganjani, uchi, ya moto kidogo kwa kushikwa. Vidole vyake vikafunga vyangu juu yake, akabana, akaachilia.

Viatu vyeusi vikaondoka mbele yangu.

"Huyu ndiye," sauti ikasema, na vigelegele vikapasua hewa.

Waliponifunua nilikuwa nimeshatia tofi mdomoni. Watu waliona viatu wakashika mbavu, Mama Njeri akaketi chini kabisa kwa kucheka. Nilimtafuta Tata anionyeshe uso wa pole, kwamba tumekosea kidogo tu, tumekaribia. Tata hakuwa ananiangalia. Alikuwa anamwangalia huyo bwana, Karanja, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona. Nilidhani nyuso zake zote nazijua.

Hawakumchukua siku ile ile kama Mama Njeri alivyosema; aliondoka mara tu baada ya Mwaka Mpya. Alifua nguo zangu zote, akamwonyesha Baba mahali pa chumvi na mahali pa dawa ya minyoo. Mlangoni nilimwuliza hapa kuna makosa gani.

"Hakuna makosa, Nyambura."

"Si tulikuwa tunamshinda?"

"Tulikuwa tunamshinda nani?"

Gari likachukua mabegi yake. Mwiko wa tofi aliuacha. Nadhani aliusahau, lakini kwa muda mrefu nilisema aliniachia.

Nilimlaumu Karanja kwa bahati yake. Hilo ndilo nililoamini: kwamba alibahatisha, kama mtu anavyookota shilingi barabarani, na kwamba dakika ya mwisho kabla ya kuchukuliwa, Tata alinifikiria mimi. Wasichana wengine shuleni walikuwa na mama zao. Mimi nilikuwa na hiyo tofi. Niliitoa usiku nikaitazama kichwani, ule ubanaji wa vidole, halafu nikalala.

Desemba iliyofuata niliwasha jiko mwenyewe. Baba alikuwa amepiga simu kwa Mama Njeri, niliyeachwa kwake akiwa safarini, kwamba atafika jioni. Sukari ikayeyuka, ikapanda, ikaanza kuwa chai, na hapo nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: hakuna wa kushika kikombe. Ukidondosha wewe, huwezi kutikisa wewe, sufuria inaungua. Nilikiweka kikombe chini, nikadondosha, nikainama kusikiliza, upepo ukavuma. Sikusikia kitu. Nikaogopa, nikaitoa mapema, nikaimwaga. Haikushika. Ilibaki kwenye sinia kama uji mzito, na mimi kando yake nikilia kwa hasira.

Baba alipofika aliitazama. Alichukua kijiko, akaketi kwenye ngazi ya mlango na vumbi lake la safari, akaanza kuila.

"Iko sawa," akasema.

"Haijashika, Baba."

"Iko sawa."

Aliila na chai siku zote alizokaa nyumbani. Siku ya mwisho, akikwangua sinia, akasema bila kunitazama, "Hata mimi hii nyumba inanishinda bila yeye." Kisha akaenda kupima maji ya lori. Baba hakuwahi kusema jambo refu kuliko hilo kuhusu nyumba yetu, na ningependa ningekuwa na akili ya kumjibu.

Nilipelekwa Gilgil likizo. Karanja alikuwa mtu mzuri, nasema hivi sasa kwa moyo mweupe. Aliniita mshindani wake na kunipa kiti chake. Tata alizaa mtoto wa kwanza, kisha wa pili, na Desemba moja nilifika nikakuta kikombe kimeshikwa na mtoto wake, na mtoto anatangaza, "Bado." Nilikaa na kufunga tofi kwenye karatasi zinazolia. Miaka iliyofuata nikawa na mtihani, kisha nikawa na kazi, kisha nikawa tu na sababu. Hatukugombana. Afadhali tungegombana, mtu aliyegombana anajua pa kuanzia kupatana.

Karanja alifariki mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimeshika. Nilienda kuzika. Baada ya maziko, wageni wakiwa wameenda na tope lao, wanawake wachache tulibaki jikoni na Tata, tukiosha vikombe. Amezeeka kuliko nilivyotarajia. Mwanawe mmoja ameajiriwa Katari, mwingine yuko Nairobi, na nyumba ile iliyokuwa na kelele sasa unasikia friji. Mwanamke mmoja, ili kumchangamsha, akamwuliza Karanja alimpataje siku ya leso, maana mabwana wengine walikosea mara tatu.

Tata akacheka, machozi yakiwa bado usoni. "Alinipata wapi? Nilijionyesha mwenyewe. Huyu hapa," akanielekeza kidole chenye sabuni, "alikuwa ameniibia viatu. Na yule mjinga akasimama kwake. Nikajua anapata aibu mbele ya wazee wote. Nikafungua tofi. Ile karatasi ni yeye alikuwa ameniletea, nilijua akiiskia atajua."

Walicheka wote. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiosha tena, kilikuwa safi. Miaka yote hiyo, na karatasi ilikuwa inamwita yeye. Nilikuwa nimesikia vizuri, kwa masikio aliyoyafundisha mwenyewe, nikaelewa kinyume.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Tata, lakini uliniwekea tofi mkononi."

"Nilikuwekea?"

"Uliniwekea. Ukanibana vidole."

Alitafuta kichwani kwa kweli. Tata hakuwahi kunidanganya ili nijisikie vizuri, na hakuanza siku hiyo. "Labda," akasema. "Nilikuwa nataka mkono uwe mtupu, akinishika." Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Ilibidi niweke mahali."

Iliniuma. Niseme tu iliniuma, mtu mzima wa umri wangu, mwenye kazi na mkopo wa fenicha. Nilijikusanya niondoke kabla giza halijashika barabara. Nilipokuwa nafunga mkoba akasema nyuma yangu, kama mtu anayeendelea kupangusa, "Si upande ule mwingine wa benchi kulikuwa na msichana mwingine, Wanja. Na mapaja yangu pia nilikuwa nayo. Nilikuwekea wewe." Nilimkumbatia vile watu hukumbatiana kwenye matanga, nikaondoka, na tangu siku hiyo sikuwa nimempigia.

Jana mtoto wa jirani alipiga kelele ya furaha, nikajua tone limegonga kikombe. Nikaingia kwangu. Nikaweka vitunguu, nikakaa bila kuwasha taa. Kwenye meza kulikuwa na shada tulilopewa kazini tulipofunga mwaka, maua yameshanyauka, karatasi bado inang'aa. Nikapiga simu Gilgil.

"Haloo? Nyambura?" Nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea peke yake.

Nilikuwa na maneno, niliyapanga nikiwa ngazini. Yakagoma. Basi nikachukua ile karatasi, nikaisogeza kwenye simu, nikaikunja. Mara moja. Kisha tena, polepole.

Kule televisheni ikanyamazishwa. Nikasikia friji, na Tata akipumua.

"Huyu ndiye," akasema. Kisha akakohoa, akarudi kuwa mwenye jiko. "Kuja na siagi. Sukari iko. Na kikombe utashika wewe, mimi siku hizi siskii vizuri."